Robo saa inayoachwa tupu: kati ya kukamatwa na kusomewa adhabu

Hakimu akishatamka kwamba mshtakiwa ametiwa hatiani, kazi haijaisha. Anamgeukia mwendesha mashtaka na kuuliza kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Kisha anamgeukia mshtakiwa: una lipi la kusema kabla mahakama haijatoa adhabu? Katika mahakama za wilaya za nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia Vwawa hadi Mafinga, jibu huwa lile lile: "Mheshimiwa, naomba unipunguzie adhabu, nina mke na watoto, na wazazi wangu wananitegemea." Hakimu anaandika. Upande wa mashtaka unaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Robo saa haifiki. Ndugu waliouza ng'ombe na kukodisha shamba la viazi ili walipe wakili na nauli za mashahidi wamekaa benchi la nyuma, mikono mitupu.

Hoja yangu ni kwamba kwa makosa mengi yanayowafikisha watu wa huku mahakamani, robo saa hiyo ndiyo sehemu ya kesi ambayo familia ina uwezo nayo zaidi kwa gharama ndogo, na ndiyo inayoandaliwa vibaya kuliko zote. Karatasi zinazotakiwa siku ile zinaanza kupatikana, au kupotea, tangu saa ya kukamatwa.

Nasema makosa mengi, si yote. Yapo ambayo maombi ya kupunguziwa adhabu hayasogezi kitu. Kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mjamzito na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Unyang'anyi wa kutumia silaha haushuki chini ya miaka 30. Kubaka nako ni hivyo hivyo, na sheria inaita kubaka hata pale binti wa chini ya miaka 18 "alipokubali". Ukiwa na hati ya mashtaka ya namna hiyo, fedha na nguvu zako zote ziende kwenye ushahidi: umri wa binti umethibitishwa na nani, silaha ilitambuliwa vipi, gwaride la utambulisho liliendeshwaje. Kungoja siku ya adhabu ni kupoteza muda. Pamoja na hayo, hata kwenye kubaka kuna mlango mmoja ambao watu wengi hawaujui: mshtakiwa wa miaka 18 au chini yake ambaye ni kosa lake la kwanza hapaswi kupewa ile miaka 30, sheria inasema viboko tu. Mlango huo unafunguliwa na uthibitisho wa umri, nami nitaurudia.

Nje ya orodha hiyo fupi kuna bahari ya makosa mengine. Kujeruhi kwenye ugomvi wa kilabu cha ulanzi, kugombea mpaka wa shamba, wizi, kuvunja na kuiba, kuharibu mali, moto uliovuka shamba ukala msitu wa mtu, ajali ya bodaboda iliyoua, kuua bila kukusudia. Huku sheria kwa kawaida imeweka kiwango cha juu, chini ikamwachia hakimu au jaji. Kuua bila kukusudia, kwa mfano, kunaweza kufika kifungo cha maisha, lakini majaji wamewahi pia kumwachia mtu kwa sharti la kutotenda kosa lolote kwa miezi 12. Aende wapi kati ya ncha hizo mbili, ndilo swali la ile robo saa.

Turudi kwenye kukamatwa. Vijijini anayekamata mara nyingi ni mgambo kwa amri ya mtendaji wa kijiji, na mtu anashinda ofisi ya kijiji kabla ya gari la polisi kufika. Saa hizo zina maana kisheria. Polisi wana saa nne za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa nane. Muda wa safari ya kumpeleka kituoni hauhesabiwi, jambo kubwa kwa mtu aliyetolewa vijiji vya Makete au Chunya. Kwa hiyo ndugu wa kwanza kupata habari aandike saa na mahali alipokamatwa, nani alimkamata, na saa ngapi aliingizwa kituoni. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi huyaandika wakimhoji mtuhumiwa baada ya kumwonya, yakichukuliwa nje ya muda, yanaweza kupingwa mahakamani. Asiye na saa ameandikiwa na polisi saa yake. Sheria inataka pia afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana ya polisi kama kosa linadhaminika. Anayekamatwa Ijumaa jioni ndiye anayeumia zaidi, na ndiye ambaye ndugu zake wanatakiwa wawe kituoni Jumamosi asubuhi badala ya kungoja Jumatatu.

Maelezo ya onyo yana kazi nyingine ambayo haizungumzwi. Mtu ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki, na hapaswi kusaini au kuweka dole gumba kabla ya kusomewa alichoandikiwa. Hayo yanajulikana kidogo. Lisilojulikana ni kwamba karatasi hiyo ndiyo inayopima ukweli wa mtu miezi mingi baadaye. Aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba alichokozwa, au kwamba alipigwa kwanza, anasikilizwa anapolirudia siku ya adhabu. Anayelitaja kwa mara ya kwanza baada ya kutiwa hatiani anaonekana amelibuni mahabusu.

Na kama naye aliumia? Kwenye ugomvi wa kilabuni pande zote hutoka na majeraha, lakini PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, anapewa aliyewahi kulalamika. Aliyekamatwa anakaa selo na jicho lililovimba, jeraha linapona, na mwaka ujao hana kitu cha kuonyesha. Aombe PF3 yake siku hiyo hiyo, atibiwe, na nakala ibaki kwa ndugu. Gharama yake ni ndogo mno, na nimeona ni nadra kufanyika.

Mali iliyochukuliwa kwenye upekuzi iandikiwe hati, isainiwe na mwenye mali na shahidi aliyekuwepo. Simu ikichukuliwa bila hati, hata kuirudisha baadaye ni shughuli.

Kuhusu dhamana nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo watu wana uzoefu. Wadhamini wawili ni kawaida, kila mmoja na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kitambulisho cha taifa na picha ndogo, na kusaini bondi ya kiasi kitakachotajwa. Kinachokwamisha ni barua isiyotaja jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, muhuri usiosomeka, au mdhamini anayeishi mkoa mwingine. Mahakama hupendelea mtu anayepatikana ndani ya eneo lake. Wengine huombwa mali isiyohamishika, na hapo hatimiliki ya kimila ya shamba husaidia kama imetolewa kwa jina la mdhamini mwenyewe, si la marehemu babu yake. Dhamana yenyewe haiuzwi. Fedha ya "mafuta ya gari" au ya "karatasi" ni rushwa, na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113.

Asiyedhaminiwa, au ambaye kosa lake halidhaminiki, anaingia kwenye ule mzunguko unaojulikana: karandinga asubuhi kutoka gereza la Ruanda au la Iringa, kesi inatajwa, tarehe nyingine, kurudi. Ahirisho moja kwa mtu aliye mahabusu halitakiwi kuzidi siku 15, ndiyo maana tarehe nyingi ni za siku 14. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mtu hatakiwi kufunguliwa mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yameachwa nje ya kanuni hiyo, na humo ndimo "upelelezi haujakamilika" inamoendelea kusikika. Kwa kesi za mauaji, hakimu wa wilaya atamwambia mshtakiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka ya kuisikiliza. Huko si kunyimwa nafasi ya kujitetea, na hakuna haja ya ndugu kupaniki.

Jambo moja la kuzingatia kuhusu mahabusu: siku hizo hazijitoi zenyewe kwenye kifungo. Kifungo huhesabiwa kuanzia siku adhabu inapotamkwa, na muda wa nyuma ni jambo la mahakama kulizingatia. Hakimu mwenye majalada mengi mezani anaweza asilione. Mshtakiwa aseme kwa tarehe: niliingia mahabusu tarehe fulani, leo ni mwaka na miezi kadhaa, naomba muda huo uzingatiwe na uandikwe kwenye kumbukumbu. "Nimekaa sana" haitoshi.

Sasa kukiri kosa, mahali ambapo watu wa huku wanaumia pakubwa. Kuna ushauri wa vijiweni unaosema kubali yaishe, utapigwa faini. Kukiri mapema kweli kunapunguza adhabu, na katika utaratibu wa mahakama zetu punguzo linaweza kufika theluthi moja. Lakini anayekiri anauza haki ya kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anabaki na rufaa dhidi ya adhabu tu, isipokuwa kukiri kwenyewe kuwe na kasoro. Kesi ya Laurent Mpinga ya mwaka 1983 iliweka bayana kasoro hizo: kukiri kusikoeleweka au kusikokamilika, kukiri kwa makosa au kwa kutofahamu, mashtaka yasiyo kosa kisheria, na maelezo ya kosa ambayo hata yakiwa kweli hayawezi kumtia mtu hatiani.

Utaratibu una hatua mbili, na ya pili ndiyo watu hawaisikilizi. Kwanza anasomewa shtaka, anajibu. Akisema "ni kweli", upande wa mashtaka unasoma maelezo ya tukio zima, na anaulizwa tena kama ni sahihi. Hapo ndipo mtu aliyekiri kumpiga jirani ngumi moja anajikuta anakubali kuwa alitumia panga na alikuwa amepanga. Kama kuna sentensi moja si ya kweli, aitaje hiyo hiyo, kwa sauti. Hakimu makini atalibadilisha jibu lake kuwa amekana, na kesi itasikilizwa. Mzee wa Rungwe au Kilolo anayewaza kwa Kinyakyusa au Kihehe ana haki ya mkalimani hata kama Kiswahili cha sokoni anakiweza. Lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu 2021, lakini Kiswahili cha hati ya mashtaka si cha sokoni.

Tufike kwenye robo saa yenyewe. Ile sentensi ya mke na watoto si uongo, ila mahakama inaisikia kila siku na kwa kila kosa, kwa hiyo haimtofautishi mshtakiwa huyu na mwingine. Kinachomtofautisha ni kitu chenye karatasi. Kosa la kwanza ni hoja ya nguvu, lakini kwa kawaida upande wa mashtaka ndio unaosema "hatuna kumbukumbu", mshtakiwa alisisitize. Ugonjwa uje na kadi ya kliniki na barua ya daktari wa hospitali, si maneno. Anayetumia dawa za kila siku, aonyeshe. Kama ana mtoto mlemavu au mzazi aliyelala kitandani na hakuna mwingine wa kumtunza, mtendaji wa kijiji aandike hilo mahsusi: nani, ana hali gani, kwa nini hakuna mwingine. Barua inayosema "ni mwananchi mwema na hana tabia mbaya" ni ile ile iliyotumika kwenye dhamana, na hakimu anaijua.

Fidia ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na kumalizana kienyeji. Familia mbili zinakaa, inatolewa mbuzi na fedha za matibabu, wanashikana mikono, kila mtu anaamini kesi imekufa. Jalada la jinai si mali ya mlalamikaji. Kwa makosa madogo ya shambulio yasiyo na ukubwa wa ziada, mahakama inaweza kuhamasisha upatanishi na kuifuta kesi. Kwa kujeruhi vibaya, uamuzi uko kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Hivyo makubaliano yaandikwe: kiasi, tarehe, mashahidi wa pande zote mbili, muhuri wa ofisi ya kijiji, na risiti za hospitali ziambatishwe. Kama kesi bado inasikilizwa, maneno yawe ya kusaidia matibabu, yasiwe ya kukiri. Yapelekwe kwa mwendesha mashtaka kwanza. Kumfuata shahidi kumshawishi asije ni kosa jingine, na dhamana itafutwa. Siku ya adhabu, karatasi hiyo pamoja na mlalamikaji aliyekubali kusimama na kusema amesamehe vinafanya kazi ambayo hotuba haiwezi.

Umri nao unahitaji karatasi. Aliye chini ya miaka 18 hapaswi kufungwa jela hata kidogo, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, na Mbeya kuna mahabusu ya watoto pamoja na shule ya maadilisho ya Irambo. Hata hivyo vijana hupita mlango wa wakubwa kwa sababu polisi waliandika "miaka 19" kwa kukadiria na hakuna aliyepinga. Cheti cha kuzaliwa vijijini ni adimu. Kilichopo ni kadi ya kliniki, daftari la usajili la shule ya msingi, na vitabu vya ubatizo vya parokia na sharika, Wakatoliki, Walutheri na Wamoraviani, ambavyo huku vimetunzwa vizuri kuliko kumbukumbu nyingi za serikali. Dondoo la ubatizo lenye muhuri, likiambatana na mzazi kizimbani, linaweza kumtoa kijana kwenye miaka 30.

Kuna njia ya tatu kati ya jela na faini ambayo hutumika kidogo kuliko inavyostahili. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu afanye kazi za umma bila malipo badala ya kifungo, pale ambapo kifungo kisingezidi miaka mitatu. Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu inaruhusu aachwe nje chini ya afisa wa probesheni. Zote zinategemea ripoti ya afisa huyo kuhusu maisha ya mtu, na ripoti haiandikwi ndani ya robo saa. Lazima mtu aombe. "Mheshimiwa, naomba mahakama iagize ripoti ya afisa probesheni kabla ya adhabu" ni sentensi moja. Itamgharimu siku kadhaa zaidi mahabusu, kwa kuwa dhamana ya kesi huishia anapotiwa hatiani, lakini inaweza kumwokolea miezi mingi. Tatizo ni la pande zote. Afisa anakaa makao makuu ya wilaya, nyumbani kwa mshtakiwa ni mwambao wa Ziwa Nyasa huko Ludewa, na usafiri hana. Ndugu wanaoweza kumpelekea namba za simu za mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji na mlalamikaji wamemrahisishia kazi nusu. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na mjadala mkubwa uliofuata ulikuwa wa polisi na kubambikiwa kesi. Ni sawa. Ila mimi naona ahirisho la siku saba kati ya kutiwa hatiani na kupewa adhabu, likifanywa kuwa desturi kwa makosa yasiyo na kiwango cha chini, lingefanya kazi kubwa bila kuhitaji hata shilingi moja ya jengo jipya.

Mwenye mashtaka zaidi ya moja asisahau ombi moja: adhabu ziende pamoja. Hakimu asipolitamka hilo, sheria inazichukua kuwa zinafuatana. Miaka mitatu mara tatu ni tisa.

Faini ina mtego wake. Inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu. Hukumu ikisomwa saa tisa alasiri, benki imekaribia kufunga, akaunti ya simu ina ukomo wa kiasi, na karandinga haingoji. Ndugu wawe na fedha zilizogawanywa kwenye simu mbili tatu, na mmoja wao asimame karibu na karani. Kama amekwisha kuingia gerezani, bado faini inaweza kulipwa na akatoka. Asiambiwe muda umepita.

Kwa hiyo anayekwenda kusikiliza hukumu akiwa nje kwa dhamana aende kama anayeweza asirudi. Simu na kitambulisho abaki navyo ndugu. Namba ya siri ya akaunti ya simu, deni la kikoba, mbolea iliyolipiwa, nani atavuna: vizungumzwe usiku wa kuamkia. Dawa ziende na cheti cha daktari. Juni na Julai avae sweta mbili, maana selo ya Mafinga au Njombe mwezi huo haina huruma na mtu.

Familia ikishasikia adhabu ifanye hesabu sahihi. Mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja, asiye wa maisha, hupata punguzo la theluthi kwa tabia njema na kazi, kwa hiyo miaka mitatu kwa kawaida ni miwili. Rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya au ya Iringa, inaanza na taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10. Sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungoja nakala ya hukumu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa kawaida haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12, ni siku 30 kwenda mahakama ya wilaya. Aliye gerezani anaiwasilisha taarifa kupitia mkuu wa gereza, kwa hiyo aiombe fomu siku ya kwanza anayopokelewa. Na anayekata rufaa kwa sababu tu adhabu ni kubwa apate kwanza mtu wa kumsomea mwenendo wa kesi, awe wakili au msaidizi wa kisheria, kwa sababu Mahakama Kuu yenye uwezo wa kupunguza adhabu ina uwezo pia wa kuiongeza.